TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, wametoa tahadhari ya mvua kubwa, sawa, sasa nani anamwambia mtu wa bondeni ahame, na ahamie wapi?

Kila msimu wa mvua ukianza mabishano ni yaleyale. Mmoja anatuma tangazo la TMA kwenye grupu, mwingine anajibu hawa nao kila siku tahadhari, mafuriko yakitokea anakuja wa tatu anauliza serikali ilikuwa wapi, wa nne anasema watu wenyewe wabishi, waliambiwa wahame wakakaa. Ukiwasikiliza vizuri utagundua wote wanne wana kipande cha ukweli, ila kila mtu kashika kipande chake na hakuna anayeangalia kinachounganisha. Ninachotaka kueleza hapa ni hicho kinachounganisha, yaani ile njia kutoka kwenye kompyuta ya mtabiri mpaka kwenye miguu ya mtu anayetoka nyumbani kwake usiku na watoto. Hiyo njia ni ndefu kuliko tunavyodhani na karibu kila mara inakatikia sehemu zilezile.

Tuanze na tangazo lenyewe maana watu wengi tunalisoma vibaya. Utabiri wa hali mbaya ya hewa wa siku tano unakuja na rangi, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pembeni kuna mistari miwili ambayo macho yanairuka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kila mmoja umeandikwa mdogo, wastani au mkubwa. Hiyo mistari ndo roho ya tangazo, kwa sababu rangi inatokana na kuchanganya vyote viwili, nafasi ya jambo kutokea na madhara yake likitokea. Kwahiyo ukiona njano wiki hii na njano wiki ijayo usidhani ni kitu kimoja. Moja inaweza kuwa jambo ambalo karibu lazima litokee ila litakuchelewesha tu kufika kazini, nyingine ikawa jambo lenye nafasi ndogo ila likitokea linaua.

Halafu kuna hili neno mvua kubwa, ambalo kwa wataalamu lina kipimo chake, ni mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita 50 zikinyesha kwenye shamba la kichanga zinanyonywa na ardhi, mkulima anafurahi. Hizohizo zikinyesha Tandale au Kigogo, mitaa ya Dar ambako juu ni bati, chini ni saruji na mtaro umejaa chupa za maji na takataka za jana, zinakuja ndani ya nyumba. Mtabiri anajua wingu, hajui mtaro wa mtaa wenu umeziba wapi na wala hatujamwajiri ajue. Kwahiyo lazima awepo mtu mwingine wa kuligeuza lile tangazo liwe lugha ya mtaa: milimita hizi, hapa kwetu, maana yake nyumba kumi na tano za mwisho kule bondeni zinaingia maji, na wale wazee wawili hawawezi kutembea. Hiyo kazi ni ya nani? Hapo ndo tunaingia kwenye sheria.

Tanzania Bara sheria inayotumika sasa ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2015, na kabla yake kulikuwa na ya 1990 ambayo kwa sehemu kubwa ilihusu kuratibu misaada, yaani janga limeshatokea, tugawe mahindi na mablanketi. Zanzibar wana sheria yao na Kamisheni yao ya Kukabiliana na Maafa, kwa sababu hili sio jambo la Muungano. Kwa Bara uratibu uko Ofisi ya Waziri Mkuu, kwenye Idara ya Menejimenti ya Maafa. Kuna watu huwa wanauliza kwa nini usiwe wizara kamili, na jibu ni kwamba janga halichagui wizara. Mvua ni ya TMA, mto ni wa bodi ya maji ya bonde husika, daraja ni la TANROADS, wakala wa barabara kuu, mwamba na udongo wa mlimani wanaujua watu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, kipindupindu kitakachofuata ni cha Wizara ya Afya, watoto wanaolala darasani wako kwenye jengo la halmashauri. Waziri mmoja hawezi kumwamrisha waziri mwenzake, ila Waziri Mkuu anaweza. Ndo mantiki yake, na ni mantiki nzuri.

Chini ya hapo sheria imeweka kamati za maafa kila ngazi, taifa, mkoa chini ya Mkuu wa Mkoa (RC), wilaya chini ya Mkuu wa Wilaya (DC), kata, mpaka kijiji na mtaa. Kwenye karatasi ni mnyororo kamili. Tatizo ni kwamba kamati sio zimamoto, haikai macho usiku. Kamati ni watu wenye kazi zingine ambao wanatakiwa wakutane. Mtendaji wa mtaa huyohuyo ndo wa usafi, ndo wa migogoro ya mipaka, ndo wa barua za utambulisho, ndo wa kusimamia michango, na siku ya mvua ndo mwokozi. Bila posho ya usafiri, mara nyingi bila hata kipaza sauti. Mimi simlaumu, nasema tu kwamba mnyororo mzima wa taifa unaishia mkononi mwa mtu mmoja mwenye simu yenye chaji asilimia ishirini, na tukikaa kujadili sera tunaongelea juu tu, tunamsahau yeye.

Sasa tuangalie matukio mawili yaliyopishana miezi mitano tu, maana ukiyaweka pamoja utaona tofauti vizuri.

La kwanza ni Hanang'. Agosti 2023 TMA walitangaza kwamba vuli ya mwaka huo itakuwa na El Niño na mvua zitazidi wastani. Onyo lilikuwepo, miezi mitatu kabla. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 3 Desemba mvua kubwa ikanyesha kwenye mlima Hanang', mkoa wa Manyara, na asubuhi sehemu ya mlima ikamomonyoka, tope na mawe na magogo vikashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Watu 89 walifariki. Serikali baadaye ilieleza kwamba eneo la mlima lenye miamba laini lilinyonya maji, likazidiwa, likateleza. Ukiangalia ile video ya barabara ya Katesh, tope limejaa usawa wa madirisha ya maduka, unajiuliza, utabiri wa Agosti ungemsaidia nini mtu wa pale? Angefanya nini? Aliambiwa mvua nyingi zinakuja kwenye maeneo yote yanayopata vuli. Hakuna aliyemwambia kwamba mteremko ule, juu ya nyumba yake, ukilowa kiasi fulani utashuka. Kumwambia hivyo ilibidi takwimu za mvua na takwimu za mwamba zikae meza moja, na awepo mtu ambaye kazi yake ni kuangalia zote mbili na kupiga simu Katesh Jumamosi usiku.

La pili ni kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024. Hapa tangazo lilikuwa na jina, tarehe na mahali. Kimbunga kipo baharini mashariki ya Mtwara, kinakuja, Mafia na Lindi na Pwani mjiandae, wavuvi msitoke. Boti za Dar kwenda Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wengi wakabaki nchi kavu, kimbunga kikapita Mafia tarehe 4 kikiwa kimepungua nguvu. Uharibifu ulikuwepo tena mkubwa, barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga na watu wakakwama siku kadhaa, nyumba zikaezuliwa, ila vifo vilikuwa vichache mno ukilinganisha na ukubwa wa kitu chenyewe. Kwa nini? Watu watasema bahati, na kweli kile kimbunga kudhoofika kabla ya kufika ilikuwa bahati. Lakini kuna kitu kingine. Onyo lile lilikutana na uamuzi ambao mtu mmoja mwenye mamlaka angeweza kuuchukua kwa dakika tano: boti isiondoke. Hahitaji bajeti wala kikao, na hakuna nyumba ya kubomoa. Kutoka onyo mpaka hatua kulikuwa na hatua moja tu.

Ukielewa hilo umeelewa nusu ya somo lote. Onyo linafanya kazi pale ambapo uamuzi ulishafanywa kabla. Kama siku ya onyo ndo siku ya kuanza kujadili nani anaamua, hela inatoka fungu gani, watu waende shule ipi, basi onyo limekuwa habari tu kama habari zingine.

Na hapa kuna jambo la kalenda ambalo sijui kwa nini haliongelewi. Bajeti ya serikali na halmashauri inapitishwa mpaka Juni, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Utabiri wa vuli unatoka Agosti. Yaani taarifa ya msimu inafika wakati hela zote zimeshagawiwa, kila shilingi ina jina. Mkurugenzi wa halmashauri akisoma utabiri wa El Niño Agosti anaweza kweli kutaka kuzibua mitaro na kununua matenti, ila anatakiwa atoe hela kwenye fungu lililopangiwa kitu kingine, na mkaguzi akija mwakani atamuuliza kwa nini ulitumia hela ya darasa kununua matenti na mvua yenyewe haikunyesha? Mvua ikinyesha watu wakafa hakuna mkaguzi atakayemuuliza kwa nini hukununua. Kwahiyo mfumo wenyewe unamfundisha asubiri. Sheria ina Mfuko wa Maafa, ni jambo zuri sana, lakini mfuko unabadilisha tabia pale tu unapokuwa na kanuni ya kutoa hela kabla ya janga. Mfuko unaosubiri picha za maiti kwenye taarifa ya habari unakuwa mfuko wa rambirambi.

Kanuni ya namna hiyo ipo na haiko mbali, iko Kenya, ila kwa ukame tu. Kenya wana Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, na kila mwezi inatoa taarifa ya hali ya ukame kwa kaunti 23 za maeneo makavu. Moja ya vipimo wanavyotumia ni picha za setilaiti zinazoonyesha nyasi na majani yako kijani kiasi gani ukilinganisha na miaka iliyopita. Sasa kwenye kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera waliandikisha kaya karibu zote, zaidi ya laki tatu, wakafungua akaunti za benki mapema kabisa wakati hakuna shida. Kuna kaya maskini zaidi zinazolipwa muda wote, na kuna hizi zingine ambazo zinasubiri tu. Kipimo cha kijani kikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, malipo yanapanuka kwenda kwa kaya za ziada. Hakuna mbunge wa kwenda kupiga magoti Nairobi wala kikao cha kujadili kama ni ukame kweli au ni maneno. Namba imeshuka, hela inatoka, na mfugaji ananunua majani na maji wakati mbuzi bado anasimama. Ukimpa hela hiyohiyo miezi miwili baadaye atanunua unga tu, kwa sababu mbuzi ameshakufa, na mwakani atakuwa maskini zaidi hata mvua ikirudi.

Nisije nikaonekana napamba. Ukame wa 2020 mpaka 2023, misimu mitano mfululizo mvua imegoma, uliua mifugo zaidi ya milioni mbili Kenya pamoja na kuwepo kwa mfumo huo. Hela ilikuwa ndogo kuliko janga. Na ni Kenya hiyohiyo ambayo kwa mafuriko haina kitu kama hicho. Oktoba 2023 Rais Ruto alitangaza kwamba El Niño haitakuwepo tena, watu wakashusha pumzi, na kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu mia. Aprili 2024 ikaja zamu ya mji wa Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye kalvati chini ya reli yalipasua usiku yakasomba watu waliolala. Ndipo matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru, mitaa ya mabanda ya Nairobi, kubomoa nyumba za kando ya mto, na ahadi ya shilingi elfu kumi za Kenya kwa kila kaya iliyohamishwa. Nchi moja, ukame unaendeshwa kwa kanuni iliyoandikwa kabla na mafuriko yanaendeshwa kwa amri za dharura.

Sasa kuna mtu atasema tuweke basi namba kwa kila kitu tumalize. Hapana, namba nayo inadanganya, na Malawi wanaijua hii kuliko mtu yeyote. Walijiunga na bima ya ukame ya African Risk Capacity, chombo cha Umoja wa Afrika, kwa msimu wa 2015/16 wakalipa zaidi ya dola milioni nne. Ukame ukaja mbaya sana, mamilioni ya watu hawana chakula, serikali imetangaza janga, halafu modeli ya kompyuta ikasema hapana, walioathirika ni wachache, hakuna malipo. Walipochimba wakakuta modeli ilidhani wakulima wanapanda aina ya mahindi ya muda mrefu, kumbe wengi walikuwa wamehamia mahindi ya muda mfupi ambayo kiu yake inakuja wakati tofauti. Ikarekebishwa, Malawi wakalipwa kama dola milioni 8, mwanzoni mwa 2017, wakati njaa ilikuwa imeshakula watu miezi mingi. Kwahiyo namba lazima iwepo ili uamuzi usicheleweshwe, ila pia lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema namba imekosea, naona kwa macho yangu, toeni hela. Na huyo mtu lazima awe ameandikwa jina la cheo chake kwenye kanuni, sio mtu yeyote.

Kuna upande wa pili wa kosa, onyo likitoka na janga lisije. Aprili 2021 kimbunga Jobo kilitabiriwa kuja pwani yetu, nchi nzima ikawa macho, watu wakanunua vyakula, halafu kikafa baharini kabla hakijagusa Dar. Siku ya pili ikawa vichekesho mitandaoni. Mimi naona zile kejeli zilikuwa na gharama kubwa kuliko watu walivyofikiri, maana mtabiri naye ni binadamu, akichekwa mara mbili, mara ya tatu anasubiri kwanza awe na uhakika, na uhakika kwenye mambo ya hewa unakuja pale maji yakiwa mlangoni. Uwezekano wa wastani maana yake kuna nafasi kubwa tu jambo lisitokee. Ukichukua hatua mara kumi na ikatokea mara nne hujapoteza, kwa sababu zile mara nne zina watu ndani yake. Ila hapa serikali nayo ina wajibu, hatua za mwanzo ziwe za bei rahisi, zisizomuumiza mtu janga lisipokuja. Kuzibua mtaro hakuna hasara hata jua likiwaka mwezi mzima. Kuhamisha mitumbwi juu, kuangalia akiba ya dawa kituo cha afya, kuhakikisha jenereta lina mafuta, yote hayo yanafanyika kwenye njano. Kuhamisha watu kunasubiri rangi ya chungwa au nyekundu. Mkigawa hivyo, onyo la Jobo halimfanyi mtu ajione mjinga.

Tuje kwenye kuhama kwenyewe, maana hapo ndo lawama zote zinaishia. Walikuwa wabishi. Nenda Rufiji uone ubishi unatoka wapi. Bonde la Rufiji maji yakifurika na kurudi yanaacha udongo wenye rutuba, na watu wa kule wana kilimo chao cha mlau, wanapanda kwenye unyevunyevu ulioachwa na mafuriko, maji yakirudi nyuma mbegu zinayafuata. Na walikuwa na dungu, kibanda kilichoinuliwa juu kwenye miti mirefu, unapanda kwa ngazi, unalala huko juu unalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, maji yakija yanapita chini yako. Watu waliishi na mto. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, moja ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini, ikawatoa bondeni kwenda juu kwenye ardhi kavu. Nia ilikuwa kuwaokoa. Ila mashamba yalibaki bondeni, na juu kule udongo ni wa kichanga na maji ni shida. Mtu akawa anaishi juu na analima chini, na msimu wa kilimo familia inarudi bondeni kwa miezi. Aprili 2024 Rufiji ilipofurika tena, na bungeni Waziri Mkuu Majaliwa akasema mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri watu laki mbili, wengi walishangaa inakuwaje watu wako bondeni mpaka leo. Wako bondeni kwa sababu chakula kiko bondeni.

Dar ni hivyohivyo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu kama 40, waathirika wa bonde la Msimbazi wakapewa viwanja Mabwepande. Mabwepande ni mbali. Mama aliyekuwa anauza maandazi alfajiri Kariakoo kwa kutembea kwa miguu, sasa anahitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku, na faida ya maandazi haifiki huko. Wapo walioweza wakajenga maisha, wapo waliouza kiwanja wakarudi Jangwani, kulekule bondeni. Ukimwita huyo mbishi hujamwelewa, alipiga hesabu akaona mafuriko yanakuja siku chache kwa mwaka na njaa inakuja kila jioni. Sera inayotaka ahame lazima ishinde hiyo hesabu yake, sio imshinde yeye. Ndo maana mimi naangalia kwa karibu mradi wa bonde la Msimbazi ambao Benki ya Dunia iliukopesha dola milioni 200 mwaka 2022, wa kupanua mto, kuinua daraja la Jangwani na kulifanya bonde kuwa bustani. Kihandisi unaeleweka. Kipimo changu mimi ni mmoja, wale waliolipwa fidia miaka mitano baadaye wanaishi wapi na wanakula nini. Na Hanang' pia, serikali na Msalaba Mwekundu walijenga nyumba zaidi ya mia moja eneo la Waret kwa waliopoteza makazi, kazi ya kupongeza kabisa, swali linalobaki ni shamba na mifugo viko umbali gani na hizo nyumba.

Kuna nchi imepitia haya yote na kutoka ng'ambo ya pili, Bangladesh, na ni nchi maskini kwahiyo hatuwezi kusema wao wana hela. Novemba 1970 kimbunga kiliua pale watu kati ya laki tatu na laki tano. Usiku mmoja. Wakaanzisha programu ya kujiandaa na vimbunga pamoja na Hilali Nyekundu, ndugu wa Msalaba Mwekundu, wakaajiri watu? Hapana, wakaandikisha watu wa kujitolea kijiji kwa kijiji, wenye megafoni, redio na bendera. Bendera zikiongezeka juu ya mlingoti hata asiyejua kusoma anajua hali imebadilika. Lakini 1991 kimbunga kingine kikaua kama watu 138,000, na hapa ndo nawapenda Wabangladeshi, walikaa wakauliza nani amekufa na kwa nini, maana onyo lilikuwa limetoka. Wakakuta wanawake walikufa kwa wingi kuliko wanaume. Majengo ya kujikinga yalikuwa machache, yamejaa wanaume wageni, mwanamke anaona aibu kulala humo, mwingine anasubiri mume arudi atoe ruhusa, mwingine hawezi kuacha ng'ombe ambaye ndo mali yote ya familia.

Wakayajibu hayo moja moja. Majengo yakawa mengi na yenye vyumba vya wanawake peke yao na vyoo vyao. Wakainua vilima vya udongo pembeni kwa ajili ya mifugo, ng'ombe anapelekwa kwanza na mwenye ng'ombe anafuata bila kuburuzwa. Siku za kawaida majengo yale ni shule, kwahiyo yanatumika, yanafagiwa, na kila mtoto anaijua njia ya kwenda. Wajitoleaji sasa ni kama 76,000 na nusu yao ni wanawake, mwanamke anagonga mlango wa mwanamke mwenzake. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua kama watu 3,400, bado wengi. Kimbunga Amphan cha Mei 2020, katikati ya korona, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa na vifo vilikuwa chini ya 50. Ilichukua miaka hamsini na haikuwa teknolojia kubwa iliyofanya, setilaiti wanazo wote siku hizi.

Kwetu mengi ya haya yanaweza kuanza kabla hata bajeti ya taifa haijaguswa, kwenye mkutano wa mtaa wa kawaida tu, ule ambao sheria inataka ufanyike mara kwa mara na ambao wengi hatuendi. Kamati ya maafa ya mtaa ipo? Majina ni yapi na namba zao za simu zimebandikwa wapi? Mtaa wenu maji yakifika alama gani kwenye nguzo ya daraja ndo watu wa bondeni wanaondoka bila kusubiri mtu wa wilayani? Wazee, wajawazito na wenye ulemavu wasioweza kutembea wenyewe ni kina nani, na kila mmoja kapangiwa kijana gani wa kumbeba, na yule kijana mwenyewe anajua? Mbuzi na kuku wanakwenda wapi? Na ile shule mnayosema ndo mtakimbilia, Jumamosi saa nane usiku funguo anazo nani?